DAMU INASEMA NINI JUU YA INI, NA NINI HAISEMI

Maneno ya walimu wa sayansi, yaliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, mbele ya wakazi wa kambi na wageni wa mashirika



  Tuliombwa tuzungumze juu ya afya, na tunajua wengi mlitazamia kusikia habari za vyandarua na kunawa mikono. Hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na wahudumu wa afya wanayasema vizuri kuliko sisi. Sisi ni walimu. Chuoni tulisomea kufundisha, hatukusomea kutibu. Lakini kuna jambo moja lililotokea katika kambi yetu ambalo sisi walimu tuna deni nalo, na deni hilo linahusu ini, damu, na neno moja la Kiswahili. Hilo ndilo tulilolileta leo.

Wengi mnakumbuka kijana wa kanda yetu aliyegeuka manjano macho mwaka juzi. Jina lake hatulitaji, ingawa ametupa ruhusa tusimulie na ametukabidhi karatasi zake za maabara tuzisome. Alikuwa akisoma nasi darasa la jioni. Alianza kuumwa jino na homa, akatapika, akaacha kula, na siku ya nne macho yakawa manjano kama kiini cha yai. Alipelekwa kliniki, kisha hospitali. Huko walimtoa damu. Mganga alipoisoma karatasi alisema sentensi moja fupi kwa Kiingereza, ambayo maana yake ni kwamba ini limeumizwa na kitu chenye sumu. Mkalimani aliyekuwapo akaigeuza kwa Kiswahili mbele ya ndugu wa mgonjwa akasema: "Ametiwa sumu."

Mkalimani huyo alikuwa mmoja wetu, mwalimu.

Ndugu zetu, ninyi mliotoka Kivu hamna haja ya kuelezwa kilichofuata. Wageni wetu ndio tunaopaswa kuwaeleza. Kwetu kuna kitu kinachoitwa karuho. Watu husema ni sumu ya polepole ambayo jirani humwekea mtu katika chakula au pombe, naye huanza kukonda, kukohoa, kubadilika rangi, mpaka afe. Yako mengi yanayosemwa juu ya karuho, na wako wazee wanaoishi kwa kuitibu. Tunachokijua sote kwa macho yetu ni kwamba watu wamepigwa na kuchomwa moto kwa kutajwa tu kwamba wanayo. Wengine tulio hapa tulikimbia vita ya bunduki, na wengine tulikimbia vidole vya majirani. Kwa hiyo neno "ametiwa" lilipotoka hospitalini likafika kambini kabla ya jua kuzama, watu hawakuuliza ni sumu gani. Waliuliza ni nani. Na jibu lilikuwa karibu: mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza mandazi asubuhi, ambaye kijana yule alikula kwake kila siku kwa deni.

Hakuuawa, tunamshukuru Mungu. Lakini paa lake liling'olewa, meza yake ikavunjwa, na hadi leo anakaa kanda nyingine kwa watu wasio wa ukoo wake. Mandazi hauzi tena.

Sasa tuitazame ile karatasi ya damu, ili kila mtu aone ilisema nini hasa.

Ini liko upande wa kuume chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Karibu kila tunachokula na kunywa, kikishapita tumboni na katika utumbo na kuingia katika damu, hupita kwanza katika ini kabla ya kwenda mwilini kote. Dawa hupita hapo, pombe hupita hapo, na sumu vilevile. Ini huzivunjavunja ili zitoke. Ubaya ni kwamba wakati mwingine katika kuvunja kitu, ini hutengeneza kingine kikali kuliko kile cha kwanza, nacho huliunguza lenyewe. Na ini halilii. Halina maumivu kama jino. Linaweza kuharibika sehemu kubwa huku mtu akilima, akibeba kuni, akicheza mpira. Ndiyo maana inabidi kuliuliza kwa njia ya damu.

Ndani ya seli za ini kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia. Kimoja huitwa kwa herufi ALT, kingine AST. Kazi yao iko ndani ya seli. Seli zikiwa nzima, ni kidogo tu kinachopatikana katika damu. Maabara nyingi huhesabu ALT hadi vipimo 40 hivi kwa lita kuwa ni kawaida, ingawa kila maabara ina mpaka wake. Seli zikipasuka, vimeng'enya humwagika katika damu na hesabu hupanda. Ni kama mtungi. Ukiingia nyumbani ukakuta sakafu imelowa, unajua mtungi umepata ufa hata kabla ya kuutazama. Ujuzi huu si wa zamani sana. Kupima AST katika damu kulianza mwaka 1954 huko Marekani, tena kwa ajili ya wagonjwa wa moyo. Mwaka 1955 daktari Fernando De Ritis na wenzake wa Napoli, Italia, walionyesha kwamba vimeng'enya hivi hupanda kwa wagonjwa wa homa ya ini. Wazee wetu waliozaliwa kabla ya hapo ni wakubwa kuliko kipimo chenyewe.

ALT ya kijana wetu ilikuwa 4,180. Zidisha kawaida mara mia moja. Mtungi haukuwa na ufa tu, ulikuwa umepasuka.

Lakini sikilizeni. Sakafu iliyolowa inakuambia kuna maji yaliyomwagika. Haikuambii kama mtungi uligongwa na mbuzi, na mtoto, au kama mfinyanzi aliuchoma vibaya. ALT hupanda kwa virusi vya homa ya ini, hupanda kwa dawa, hupanda kwa uyoga, hupanda kwa damu kukosa kufika katika ini. Hesabu ya maelfu namna ile huwafanya waganga wafikirie mambo machache kwanza: sumu au dawa, virusi, au ini kukosa damu. Mganga alipima virusi, havikuonekana. Mgonjwa hakuwa amezimia wala kutokwa damu nyingi. Ndipo akasema ni kitu chenye sumu. Alisema kweli, na hakumtaja mtu kwa sababu hakuna kipimo cha kumtaja mtu.

Karatasi ile ilikuwa na mambo mengine, nayo tutayaeleza kwa sababu ni hapo watu wengi huchanganyikiwa. Kulikuwa na bilirubini. Hii ni rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ini huichukua na kuimwaga pamoja na nyongo, nayo ndiyo huupa mavi rangi yake. Ini likishindwa, rangi hubaki katika damu, na ikizidi karibu mara tatu ya kawaida huonekana machoni. Basi manjano ya macho si ugonjwa wenye jina, ni dalili. (Tuseme hili kwa faida ya wanafunzi: homa ya manjano ni ugonjwa mwingine wa virusi vinavyoletwa na mbu. Si kila mwenye macho ya manjano ana homa ya manjano, na tafadhali tuache kuandika hivyo katika barua za ruhusa ya kutokuja shuleni.) Mwenye malaria kali anaweza kuwa na manjano kwa sababu chembe zake za damu zinapasuka. Mtoto mchanga vilevile huweza kuwa nayo. Wala hao hawakuwekewa kitu na mtu.

Kisha kulikuwa na kipimo cha muda wa damu kuganda. Kwa maoni yetu hiki ndicho kilicho muhimu kuliko vyote, na ndicho kisichoulizwa na yeyote. Protini zinazogandisha damu hutengenezwa na ini, na baadhi yake haziishi hata siku moja. Kwa hiyo ini likiacha kazi leo, kesho damu inachelewa kuganda. ALT inaonyesha ini limeumia kiasi gani. Kuganda kunaonyesha kama lililobaki bado linafanya kazi. Waganga huandika hesabu inayoitwa INR, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya ni karibu 1. Ya kijana wetu ilifika 2.1. Iko pia albumini, protini nyingine ya ini, lakini hiyo hukaa katika damu kwa muda mrefu. Nusu yake huchukua siku 20 hivi kuondoka. Mtu aliyepata sumu jana atakuwa na albumini nzuri kabisa leo. Albumini iliyo chini huonyesha ugonjwa wa muda mrefu, au njaa, na njaa tunaijua.

Baada ya siku nne walimpima tena. ALT ilikuwa imeshuka hadi karibu 1,000. Ndugu zake walishangilia. Hapa tunawaomba msikilize kwa makini zaidi, hasa ninyi mnaouguza wagonjwa. ALT kushuka peke yake si habari njema. Kimeng'enya hiki kikishamwagika katika damu, nusu yake huondoka kwa muda wa siku mbili hivi. Kikishuka, maana yake hakuna kingine kinachomwagika. Huenda ni kwa sababu seli zimepona. Huenda pia ni kwa sababu hakuna seli zilizobaki za kupasuka, yaani mtungi umekwisha maji. Utajuaje? Utatazama kuganda kwa damu na rangi ya manjano. ALT ikishuka huku INR ikipanda, mgonjwa yuko hatarini, hata kama anaongea. Kwa kijana wetu ALT ilishuka na INR nayo ikarudi 1.2. Huko ndiko kupona, na alipona. Leo amekaa pale nyuma.

Sasa, sumu yenyewe ilikuwa nini? Damu haikusema. Iliyosema ni karatasi za plastiki. Dada yake alipokuwa akifagia aliokota chini ya godoro maganda ya vidonge vya parasetamoli, mengi, pamoja na pakiti za dawa ya mafua. Alipopata nguvu aliulizwa, akaeleza. Jino lilimuuma asilale. Alimeza vidonge viwili, baada ya saa moja viwili tena, usiku na mchana, kwa siku tatu, bila kula. Juu yake alimeza dawa ya mafua, ambayo nayo ndani yake ina parasetamoli, lakini jina la juu ni jingine. Hakuwa na nia mbaya na nafsi yake. Alikuwa na jino tu, na duka liko hatua ishirini.

Parasetamoli ni dawa njema na salama kwa kipimo chake. Kwa mtu mzima mwenye afya mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, tena viwili kwa mara moja, na kuacha saa nne hadi sita kabla ya kurudia. Mtu aliyedhoofu kwa njaa, au anayekunywa pombe nyingi, anapaswa kumeza pungufu ya hapo. Kikipita kiasi, ini hutengeneza kutokana nayo kile kitu kikali tulichokitaja. Hatari yake ni ukimya. Siku ya kwanza mtu hutapika kidogo au hasikii kitu. ALT huanza kupanda baada ya siku moja hivi, na kilele ni siku ya tatu au ya nne. Dawa ya kuizuia ipo, huitwa asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu kumeza. Kwa hiyo aliyemeza nyingi, kwa bahati mbaya au kwa huzuni, aletwe saa hiyo hiyo. Asingojewe ageuke manjano. Na asiulizwe maswali ya aibu njiani.

Mtu mmoja alituuliza tulipokuwa tukiandaa maneno haya: je, hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sumu yenyewe, si jeraha lake? Kipo kwa sumu chache. Parasetamoli inaweza kupimwa katika damu mapema, ikiwa maabara ina vifaa. Na kuna sumu moja ambayo huacha alama yake katika damu kwa muda mrefu, nayo inatuhusu sisi tunaoishi kwa bugali. Ni sumu ya kuvu, inaitwa aflatoksini.

Ilijulikana mwaka 1960 huko Uingereza, ambako bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na ikaonekana kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Kuvu hiyo hupenda mahindi na karanga, joto na unyevu. Sumu yake haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni hauiui. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walianza kugeuka manjano na kuvimba tumbo. Hadi Julai mwaka huo walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Wachunguzi walichukua mahindi na unga katika masoko. Zaidi ya nusu ya sampuli, asilimia 55, zilipita kiwango cha Kenya cha wakati ule, yaani sehemu 20 katika bilioni. Asilimia 7 zilipita sehemu 1,000.

Walichukua damu pia. Aflatoksini ikishavunjwa na ini hujishikiza kwenye albumini, ile ile inayokaa katika damu kwa wiki nyingi. Ukipima kiasi kilichoshikamana, unajua mtu amekula sumu hiyo kiasi gani katika wiki na miezi iliyopita. Waliougua walikuwa nayo nyingi kuliko majirani zao wazima. Wagonjwa wengi zaidi pia walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao. Mwaka 2016 yalitokea tena katikati ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20.

Tafakarini hilo. Familia nzima inageuka manjano, watoto wanakufa kwanza, nyumba ya jirani wako salama. Kama yangetokea katika kanda zetu, tungesema nini? Tungemtafuta mjane. Na aliyeingiza sumu ni mvua iliyonyesha juu ya mahindi kabla hayajakauka.

Kipimo kile cha albumini hakipo katika hospitali zetu, wala si cha kumtibu mtu mmoja. Ni cha wachunguzi. Tena anayekula aflatoksini kidogo kidogo miaka mingi anaweza kuwa na ALT nzuri kabisa, huku akiandaliwa saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya B. Kwa hiyo kwa sumu hii tusingoje damu. Akina mama, kazi iko mikononi mwenu na mnaijua: kuchambua. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, ndiyo yenye sumu nyingi. Lakini hapa Malawi zile mbovu zinazochambuliwa mara nyingi hazitupwi. Husagwa na kuuzwa kwa bei rahisi, na ikishakuwa unga, ile nsinjiro ya kuungia mboga, hakuna awezaye kuchambua tena. Nunueni karanga nzima, msage wenyewe. Vivyo hivyo pumba za mahindi, ambazo wenyeji wetu huziita madeya. Miezi ya njaa wengi wetu tumezila. Mahindi yakikobolewa, sumu hubaki kwa wingi katika pumba kuliko katika unga mweupe. Hatuwezi kumwambia mwenye njaa asile. Tunawaambia wageni wetu wa mashirika walijue hili wanapopanga mgao wa miezi hiyo.

Kuhusu uyoga tutasema kidogo. Mwaka 2015 huko Ujerumani wakimbizi wengi, hasa kutoka Syria, walilazwa hospitali, na vifo vikatokea, kwa kula uyoga wa porini uliofanana na ule wa kwao. Hospitali ya mji wa Hannover ikatoa mabango ya lugha kadhaa. Mtu hutapika na kuharisha, siku ya pili anajisikia nafuu, anasema amepona, na wakati huo ALT ndiyo inapanda. Msitu wa nchi ya ugeni si msitu wa kwenu. Muulizeni mwenyeji kabla ya kuchuma, na mwenyeji akisita, tupeni.

Wanaotumia dawa za kifua kikuu: baadhi ya dawa hizo zinaweza kuliumiza ini, na waganga wanalijua. ALT kupanda kidogo si sababu ya kuziacha. Wao huzisimamisha ikipita mara tano ya kawaida, au mara tatu ikiwa mgonjwa anatapika au amegeuka manjano. Basi macho yakibadilika, nenda kliniki siku hiyo. Usiache dawa kimyakimya nyumbani, kwa maana kifua kikuu nacho kinaua. Na wapenzi wa kachasu ya hapa, au kanyanga ya kwetu, damu inawajua: kwao AST mara nyingi huwa juu kuliko ALT, mara mbili au zaidi. Hatutaji jina.

Neno moja kwa wahudumu wa kliniki, kwa unyenyekevu. AST haikai katika ini tu. Imo katika misuli na katika chembe nyekundu za damu. Chupa ya damu ikisafirishwa kwa pikipiki juu ya barabara yetu tunayoijua, bila kufungwa vizuri, chembe hupasuka njiani na AST hupanda bila ini kuwa na kosa. Kijana anayebeba magunia sokoni naye anaweza kuwa nayo juu kwa ajili ya misuli. Tunajua mnajua. Tunasema kwa sababu sisi ndio tunaoulizwa jioni, karatasi ikishafika nyumbani.

Sasa turudi kwenye neno. Kwa Kiswahili sumu ni kitu, lakini mara nyingi huja na kitenzi, na kitenzi huja na mtu: ametiwa, amewekewa, amelishwa. Lugha nyingine inaweza kusema ini limeumizwa na kitu chenye sumu, ikakomea hapo. Mwenzetu alipotafsiri hakudanganya kwa makusudi. Alitumia neno tulilozoea. Lakini mkalimani anayesema "ametiwa" ameongeza mtu ambaye karatasi haina. Tumekaa sisi walimu na wakalimani wa kliniki, tumekubaliana kwamba kuanzia sasa tutasema: "Ini limeumia. Inawezekana ni dawa, chakula, mti shamba au pombe. Tusaidieni kukumbuka alichokula na kumeza wiki hii." Tunaiomba kliniki iyabandike maneno hayo ukutani kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kifaransa. Kuandika tutaandika sisi, karatasi tunazo. Tunawaomba pia ndugu wa mgonjwa waje hospitalini na maganda ya vidonge, chupa, na mizizi yote iliyotumika. Mganga hatamkasirikia mtu.

La mwisho, Ndugu Mwenyekiti. Yule mama mjane hakusafishwa na karatasi ya damu, kwa sababu karatasi haikumtaja tangu mwanzo. Maganda ya vidonge yalipookotwa, habari ilienea taratibu sana, kinyume na ile ya kwanza. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Sisi walimu tulikaa kimya mwaka mzima, tukisema moyoni kwamba mambo yamepoa. Kwake hayajapoa. Kijana mwenyewe ndiye aliyekwenda wa kwanza, mwezi uliopita, kulipa deni la mandazi.

Tunaiomba Kamati iliandike jambo hili katika kumbukumbu za kikao kijacho, na iwateue wajumbe watakaofuatana nasi. Mabati manne tumeshayapata kwa mchango wa walimu, misumari bado. Mwenzetu aliyetafsiri atakuwapo, na atasema mwenyewe. Tunaondoka shuleni Jumamosi saa mbili asubuhi. Anayetaka kuja na nyundo aje nayo.